Kuku wa Hariri na Hela ya Kiwanja

Kuna watu wanapanda Lushoto kula fungate. Wengine wanapanda kukimbia joto la Dar. Mimi na mume wangu, Agosti mwaka jana, tulipanda kwenda kuuza jogoo.

Jogoo mmoja tu, wapenzi wasomaji. Mweupe, kichwani kama amevaa kofia ya manyoya, na ukimshika unadhani umeshika sufi ya kwenye mto. Wafugaji wanamwita silki. Mama mkwe anamwita kuku wa hariri. Mimi wakati huo nilikuwa namwita Kiwanja, kwa sababu ndicho alichokula.

Mwaka mmoja na ushee kabla ya safari hiyo, mimi na mwenzangu tulikuwa tunadunduliza hela ya kiwanja Kigamboni. Awamu mbili tulishalipa, imebaki ya mwisho. Siku ya kwenda kuimalizia nikaangalia salio kwenye simu, nikadhani mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Hela ilishageuka jogoo mmoja, mitetea miwili, banda la fundi na magunia ya chakula.

"Nilitaka nikushtukize," akaniambia.

Nilishtuka kweli.

Mwenye kiwanja hakutusubiri. Akakata chake, akaturudishia kilichobaki kwa mafungu, akauza kwa mwingine. Mtetea wa kwanza akachukuliwa na paka. Wa pili akashikwa na mafua, wiki haikuisha akafa. Jirani wa chini akaanza kulalamika kwamba jogoo anawika saa tisa usiku. Mwishowe jogoo akatiwa kwenye tenga, akapandishwa basi, akaenda kwa mama mkwe Lushoto. Nyumbani tukabaki wawili, tunaongea habari za gesi, chumvi na umeme. Nyinyi mlioolewa mnajua nyumba ikifika hapo imefika wapi.

Mombo, halafu juu

Basi la asubuhi linatoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Chalinze, Segera, Korogwe, unasinzia na kuamka. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unaanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi hadi Lushoto mjini, lakini hizo 33 zina kona za kukutosha mwaka mzima. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na chini kabisa mto unaokwenda sambamba na wewe. Ukikaribia Soni unaona maporomoko ya maji palepale barabarani. Hapo vijana wanakimbilia madirishani na vindoo vya matunda. Msimu wake ukiwa umefika utapata plamu, pichesi na mapea.

Joto linabaki Mombo. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmsthal wakapafanya mahali pa kupumzikia, na ukishuka stendi Agosti unaelewa kwa nini. Watu wamevaa makoti na kofia za sufu. Mzee mmoja akanisalimu Kisambaa, "Onga mshi," nami nikaitika kwa lafudhi yangu ya Dar, akacheka mpaka akakohoa.

Njia nzima mume wangu alikuwa amelala, au amejifanya. Mpango tulishaupanga kwa simu: kuna mtu Arusha anataka jogoo wa mbegu, anatoa bei nzuri. Tumchukue, tumuuze, tufunge huo ukurasa. Wazo lilikuwa langu. Yeye alisema "sawa" tu, ile sawa ya mtu aliyechoka.

Ahsante iliyonitoa jasho

Kwa mama mkwe ni upande wa Magamba, nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini, halafu unashuka kwa miguu katikati ya migomba na matuta ya kabichi. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibuni, poleni na safari." Tukaletewa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha.

Kabla sijamaliza kikombe mama akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, nilikuwa nangoja uje nikwambie kwa mdomo wangu. Ahsante kwa kukubali hela yenu ya kiwanja itangulie kwenye hawa kuku. Mkwe mwingine asingekubali."

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia chai yake kama vile kuna kitu kimeandikwa mle ndani.

Kumbe mama yake alimwambia kwamba tulikubaliana. Mimi alinificha, na mama yake akamdanganya. Sasa pale ungefanya nini, msomaji? Mbele ya mkwe husemi. Nikasema "ahsante mama", nikaomba nionyeshwe kuku, nikatoka nje haraka kabla machozi hayajanisaliti.

Huyu kuku ni nani?

Aliyenipeleka bandani ni wifi yangu mdogo, yuko kidato cha nne. Banda la mama limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao, paa halivuji hata tone. Lina sababu. Nyoya la kuku wa kawaida lina vijikulabu vidogo vinavyoshikana, ndiyo maana linakaa bapa na maji yanateleza. Nyoya la silki halina vile vijikulabu. Kila unyuzi unasimama peke yake, ndiyo maana ni laini kama hariri. Lakini hariri hiyo haizuii mvua. Kuku akilowa, maji yanafika kwenye ngozi, na kwa baridi ya Usambara akilala hivyo anakufa. Kuruka pia hawezi, hana mbawa za kumnyanyua. Na kile kishungi kikubwa kichwani kinamziba macho. Hapo ndipo nilipojua yule paka wa Dar hakuwa hodari kiasi hicho.

Wifi akamshika jogoo akanifunulia manyoya. Ngozi nyeusi! Si rangi ya nje, ngozi yenyewe nyeusi ya kuelekea bluu, na hata mifupa na nyama ni vyeusi. Miguuni ana vidole vitano, wakati kuku wetu wana vinne. Kando ya mashavu ana ndewe za rangi ya bluu kama hereni.

Si kuku wa jana. Mwishoni mwa karne ya 13 msafiri Marco Polo alisimulia habari za kuku wa China wenye nywele kama za paka, weusi, wenye mayai matamu. China hadi leo wanampikia supu mama aliyejifungua, kama Wachaga wanavyompikia mzazi mtori. Waingereza na Wamarekani wao walimgeuza kuku wa maonyesho, na huku kwetu ameingia na hii fasheni ya kuku wa mapambo. Kwa mayai usimtegemee, madogo na machache. Sifa yake kubwa ni kuatamia. Mtetea wa silki atalalia mayai yake, ya mwenzake, ya bata, hata ya kanga, na akiangua atalea kama wake.

"Majirani wanasemaje?" nikamuuliza.

Wifi akacheka. Mmoja alisema kuku wa vidole vitano ana mkosi. Mwingine alikuja jioni kiaina, anataka kifaranga mweusi, hasemi cha nini, lakini kila mtu anajua waganga wanavyopenda kuku weusi. Mama alimfukuza. Na yule wa mkosi alimjibu hivi: "Mbegha naye aliota meno ya juu kwanza, wakamwita kigego, ndugu zake wakamnyima urithi. Alipofika huku alikuwa nani?" Kila Msambaa anaijua hadithi hiyo. Yule kigego aliyekimbia kwao Nguu na mbwa wake wa kuwinda ndiye aliyekuja kuua simba na nguruwe waliokuwa wakiwasumbua watu, akawa mfalme wa Usambara na kutawala Vuga. Jirani akakosa la kusema.

Hajapotea, amejificha

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Desemba iliyotangulia tulikuja kwa sikukuu. Wakati huo jogoo alikuwa ameshapanda mitetea ya kienyeji ya mama, na vifaranga wa kwanza walishatoka. Walikuwa na vishungi vidogo, vidole vitano, na mitetea wengi walikuwa na ngozi nyeusi. Lakini manyoya ni ya kawaida tu, bapa, kama kuku yeyote wa sokoni. Hata mmoja hakuwa na hariri. Nikamgeukia mume wangu mbele ya mama yake na ndugu zake, nikasema, "Hariri yako iko wapi? Hii ndiyo ya kubadilisha na kiwanja?" Wote wakacheka. Yeye akatoka nje. Sijivunii.

Safari hii wifi akafungua banda la pili. Mitetea wanne ndani, wale wale wa Desemba wenye manyoya ya kawaida, sasa wakubwa. Na miguuni kwao vifaranga kumi na mmoja wa wiki kadhaa. Nikahesabu mara mbili. Sita manyoya ya kawaida. Watano walikuwa mipira ya pamba inayotembea.

"Wamepata wapi hariri, na mama zao hawana?"

"Wifi, hawakukosa. Walikuwa wameificha."

Akatoa daftari la mazoezi. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa amewafundisha habari za urithi na njegere za Mendel, naye akaona kwa nini ahangaike na njegere wakati kuku wako nyumbani. Alichora vile viboksi vyenyewe. Nitakueleza kama alivyonieleza.

Kila kifaranga anapata mafungu mawili ya maagizo ya manyoya, moja la baba, moja la mama. Agizo la manyoya ya kawaida lina sauti kubwa. Agizo la hariri lina sauti ndogo. Wakikutana, kubwa linasikika, dogo linanyamaza, lakini halifi. Kwa hiyo watoto wa kwanza wa silki na kuku wa kienyeji wote wana manyoya ya kawaida na wote wamebeba hariri ndani. Ukimrudisha mtetea wa namna hiyo kwa jogoo wa silki, wastani wa nusu ya vifaranga watatoka na hariri. Ukiwapandisha wao kwa wao, wastani wa mmoja kati ya wanne. Watano kati ya kumi na mmoja? Karibu kabisa na nusu.

Kuku wengine hawana siri. Mama amefuga vishingo na vidimu tangu ujana wake, na anasema kishingo hajifichi: baba akiwa na shingo tupu, unaziona shingo tupu hapohapo kwenye vifaranga. Kidimu naye, yule wa manyoya yaliyojikunja nyuma, ni vilevile. Lakini silki unaweza kumchinja kwa hasira ukiwa umeshika hazina.

Mambo haya yanajulikana siku nyingi. William Bateson na Reginald Punnett walichapisha mwaka 1911 utafiti wao wa ngozi nyeusi ya silki, wakaonyesha kwamba weusi unarithiwa kwa namna tofauti kati ya majogoo na mitetea. Ndiyo maana mitetea wa kwanza wa mama walitoka weusi, na majogoo wakatoka wamepauka. Na mwaka 2014 watafiti waligundua kwamba hariri yote ile inatokana na badiliko la herufi moja tu kwenye vinasaba. Herufi moja!

Nikamuuliza wifi nani alimwambia mama asubiri, asiwatie wale wa kwanza chunguni. "Kaka. Kila Jumapili anapiga simu, tunasomeana daftari."

Kumbe zile simu za Jumapili anazotokea nazo barazani na kufunga mlango! Mimi nilishajijazia mwenyewe mtu wa upande wa pili ni nani. Namshukuru Mungu sikuwahi kumwambia mtu.

Irente

Mchana nikamwambia mume wangu anipeleke Irente. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini. Unapita mashamba, unapita miti, halafu ghafla ardhi inaisha. Unasimama juu ya mwamba, na mita mia kadhaa chini yako kuna tambarare la Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari, barabara kuu nyembamba kama uzi, na mbele nyika mpaka macho yanachoka. Wapenzi wengi wanakwenda pale kupiga picha. Sisi tulikwenda kugombana.

Nilimwambia yote. Kwamba hela inauma, lakini inayouma zaidi ni kwamba alimpa mama yake mke ambaye si mimi, mke aliyekubali. Kwamba yule mke nimemwonea wivu mchana kutwa.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mkataba wangu unaisha Desemba. Hawaongezi. Niliambiwa tangu mwaka juzi kwamba kitengo chetu kitafungwa."

Mwaka juzi. Yaani kabla ya kuku.

Alikuwa na hofu, akaona ajitafutie cha kusimamia kabla hajaniambia, ili siku ya kuniambia awe na jibu mkononi. Alisoma kwamba kuku wa mapambo wana bei. Akapiga hesabu kwenye karatasi, ikakubali. Karatasi huwa haikatai. Paka na mafua havikuwamo kwenye hesabu.

Sikumkumbatia pale pale kama kwenye sinema. Nilikuwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa nagombana na mume wangu mwenyewe, na si na jogoo.

Tulivyokuwa tunarudi kwa miguu alinionyesha majani ya porini kando ya njia akanisimulia habari ya ua moja, nadhani ili tu tuongee kitu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, aliliona ua dogo la zambarau kwenye misitu ya milima hii akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina lake, Saintpaulia. Watu wakaanza kuchagua: hili petali nyingi, lile jeupe, lile majani ya mawimbi. Leo kuna aina maelfu kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. "Mlima ulitoa ua dunia ikalichagulia sura," akasema. "Sasa dunia imetuletea kuku, zamu yetu kuchagua." Nilimwambia anyamaze, lakini nilicheka.

Firigisi

Usiku mama alichinja. Si kila kifaranga anabaki kwenye mbegu. Kuchagua maana yake kuna wanaobaki na kuna wanaokwenda chunguni. Jogoo wa manyoya ya kawaida, mwenye kidole cha tano kilichopinda, ndiye aliyekuwa kitoweo chetu, na ugali na mboga za majani. Nyama yake ilikuwa ya rangi ya kijivu. Ladha ya kienyeji kabisa.

Kabla hatujanawa, mume wangu akasema, "Mama, kuna jambo nilikudanganya." Akamweleza. Hela, kiwanja, kwamba mke wake hakuulizwa, na mkataba wa kazi. Wifi akatazama chini. Mimi sikujua niweke wapi mikono.

Mama hakusema kitu. Alipakua chakula taratibu, sahani ya mwanawe kwanza kama kawaida. Halafu akaichukua firigisi, ambayo kwa mila ni ya mwanaume wa nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu."

Nikala. Mume wangu akaangalia, hakulalamika. Hukumu ilikuwa imeshatoka.

Asubuhi mama akaniletea daftari. "Kuku anaficha mara moja," akasema. "Mtoto wake anakuja kusema. Sasa nyie andikeni." Jogoo hatukumuuza. Mtu wa Arusha tulimwahidi jozi ya vijana wakikomaa, akakubali.

Hesabu ya leo

Sitakudanganya kwamba tumetajirika. Mkataba wa mume wangu uliisha Desemba kweli. Sasa hivi anashinda Lushoto wiki mbili, Dar wiki mbili, na anafanya kazi za kuitwa. Tumeuza jozi tatu. Kiwanja bado. Lakini salio la akiba kila mmoja analiona kwenye simu yake, na daftari la kuku lina safu mbili za saini. Hakuna kuku anayenunuliwa na hakuna anayeuzwa mpaka saini ziwe mbili.

Kama wewe na mwenzako mnafikiria kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza kwa gharama. Anza na chanjo ya kideri kabla ya kitu chochote. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo inafika hata vijijini. Banda liwe juu ya ardhi, kavu, na usiku lifungwe. Punguza manyoya yanayoziba macho ili kuku aone chakula, na aone adui. Jogoo mmoja anatosha mitetea watano au sita. Kila kuku avae pete ya mguuni ya rangi, na daftarini iandikwe baba nani, mama nani, katoka lini. Kumrudisha binti kwa baba yake, kama alivyofanya mama, ni mara moja tu, ya kuitoa hariri nje. Ukiendelea ndugu kwa ndugu, mayai hayaanguliwi vizuri na vifaranga wanatoka dhaifu. Badilishaneni majogoo na mfugaji mwingine. Na usimchague kuku kwa uzuri tu: mwenye hariri nzuri lakini miguu imepinda, huyo ni kitoweo.

Kama hamtaki kuku, nendeni Lushoto hivyo hivyo. Kutoka Dar ni saa sita, saba kwa basi. Bebeni makoti, hasa Juni hadi Agosti. Masika epukeni, njia za vijijini zinateleza. Tembeeni msitu wa Magamba na mtu anayeujua, nunueni jibini na jemu pale shamba la Irente, jioni mkae pale mwambani.

Ila mkifika pale juu, kabla ya picha, ulizaneni swali moja: kuna kitu gani tumefichana? Pale mko mbali na majirani, hata mkipaza sauti hakuna wa kuwasikia. Sisi tulichelewa mwaka mzima kuulizana, na mwaka huo ulikula kiwanja kuliko jogoo alivyokula.

Jogoo mwenyewe hajambo. Jina la Kiwanja limemganda, hata mama mkwe sasa anamwita hivyo. Jumapili simu ikilia kutoka Lushoto tunaiweka spika, wifi anasoma namba za pete, mume wangu anaandika, mimi naweka saini.